Kusimama Bila Kuitwa

Nilianza kumfahamu Mheshimiwa kupitia bitana ya sketi yake, kile kitambaa cha ndani. Alikuja dukani kwangu na sketi ya sufu ya kijivu iliyochanika bitana kwa nyuma, juu kidogo ya mpasuo, akataka niishone siku hiyohiyo. Niliishona. Baada ya majuma machache akarudi na nyingine, imechanika palepale. Ilipokuja ya tatu nilimwuliza kwa adabu anafanya kazi gani. Karani hukaa, muuza duka husimama, lakini bitana ile ilikuwa ya mtu anayefanya yote mawili kutwa nzima.

"Mimi ni mbunge," alisema. "Nasimama, nakaa. Nasimama, nakaa. Usipoitwa unarudia."

Duka langu la dobi na ushonaji liko London, kusini mwa mto, si mbali na Bunge la Uingereza kwa miguu. Wateja wangu wengi hutoka huko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza kazi ya mle ndani kwa maneno machache namna ile. Mimi nilikulia Dodoma, nikadhani Bunge nalijua. Utotoni nililisikiliza redioni: mbunge anaitwa, anasema, "Mheshimiwa Spika, ahsante kwa kunipa nafasi," wenzake wanapiga meza. Hapa meza hazipigwi, na kupiga makofi ni utovu wa adabu. Mbunge wa kawaida anayetaka kuchangia hupeleka jina lake mapema, kisha, kila msemaji anapomaliza na kukaa, yeye hunyanyuka ili Spika amwone. Akiitwa mwingine, anakaa. Msemaji huyo akimaliza, ananyanyuka tena. Anaweza kufanya hivyo mchana kutwa, na mwisho muda ukaisha hajasema neno.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hakuniambia, nami sikumwuliza. Najua kwamba jimbo lake liko mbali kaskazini mwa Uskoti, mahali ambapo, kwa maneno yake, kondoo ni wengi kuliko watu, na wangepiga kura asingeshinda uchaguzi, na kwamba kabla ya siasa alikuwa daktari wa mifugo. Mikono yake ilikuwa mipana, na hakuna mtu London aliyewahi kuniuliza maswali mengi kama yeye kuhusu mbuzi wa Ugogo: wanakula nini kiangazi, nani huwazalisha, wanakufa kwa maradhi gani. Nilipomwambia kwamba kwetu fundi huitwa fundi na mbunge huitwa mheshimiwa, alinyakua maneno hayo papo hapo. Kuanzia siku ile nilikuwa fundi, na yeye akawa Mheshimiwa.

Ndani ya ukumbi wao ni mwiko kumtaja mbunge mwenzako kwa jina, na ni mwiko kumwambia "wewe". Kila neno huelekezwa kwa Spika, na kila mbunge hutajwa kwa jimbo lake. Mheshimiwa alikuwa ameishi na desturi hiyo hadi akawa anatoka nayo mlangoni. Siku moja aliingia dukani amefura.

"Mheshimiwa anayewakilisha jimbo jirani na langu ni punda," aliniambia.

"Nani huyo?"

"Siwezi kumtaja. Lakini ukifungua televisheni utamjua kwa masikio."

Hii ndiyo sababu nami simtaji kwa jina hapa. Nadhani angeona ni adabu.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Chama chake ni kidogo, na lengo lake kubwa ni Uskoti ijitawale, Bunge la London lisiwe na kauli juu yake. Hata hivyo sijaona mtu anayeziheshimu kanuni za Bunge hilo kama yeye. Nilimwuliza jambo hilo nikiwa napiga pasi. Akanijibu kwa swali: "Fundi, mpangaji anayetaka kuhama, ni lazima avunje choo kwanza?"

Hakuwa mtu wa dini. Lakini kila kikao huanza na sala, na mbunge anayeweka kadi yake kwenye kiti na kuhudhuria sala hukimiliki kiti hicho kwa siku ile. Kwa hiyo alihudhuria sala bila kukosa, akiwa wima, uso kuelekea ukutani kama desturi yao inavyotaka, ili apate kiti ambacho Spika angeweza kumwona vizuri. Nilipomsimulia mke wangu alicheka. "Anasali ili apate kiti? Mwambie hata kanisani kwetu Wembley wapo."

Foleni ilimshinda. Aliwahi kuondoka posta akiwa mtu wa tatu tu kutoka dirishani, akaja kunilalamikia mimi. Chai yangu aliinywa kabla majani hayajakolea. Lakini mtu huyohuyo aliweza kusimama na kukaa ukumbini tangu mchana hadi jioni bila kuitwa, na kesho yake akarudi. Nilimwuliza anawezaje. Alisema kondoo aliyezama matopeni havutwi kwa nguvu moja, utamng'oa mguu. Unavuta kidogo, unapumzika, unavuta tena, na hutakiwi kumwachia katikati. Siku nyingine alilisema hilohilo kwa njia kavu zaidi: "Bunge halishindwi kwa hotuba. Linashindwa kwa kuchoshwa."

Nilianza kusoma taarifa rasmi za mijadala kwa sababu yake. Nilikuwa nimezoea kujisomea mwenyewe, maana shule niliiacha mapema, na taarifa hizo zilinifaa: ni za bure, hutoka kila asubuhi, na Kiingereza chake ni cha watu wanaochagua maneno. Nilizisoma kwenye treni kutoka Wembley hadi mtoni. Baada ya muda niliweza kuitambua sentensi yake kabla ya kuona jina la jimbo lake. Ilikuwa fupi, na mara nyingi iliishia kwenye swali.

Mwaka ninaotaka kuueleza ulianza na shemeji yangu Rehema, mdogo wake mke wangu. Alitoka Dodoma kuja kuhudumia wazee majumbani, kwa viza iliyomruhusu kufanyia kazi kampuni moja tu. Binti yake alibaki kwa bibi yake huko nyumbani. Rehema alikaa kwetu. Mwanzoni kazi ilikuwepo, alfajiri kwa alfajiri, mzee huyu Harrow na bibi yule Brent Cross. Majani yalipoanza kupukutika kampuni ikaanza kumpa siku chache, kisha ikawa haimpi kabisa, kisha simu zao zikawa hazipokelewi. Mwishowe tukasikia serikali imeinyang'anya leseni ya kuajiri wageni.

Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote. Siku moja ingekuja barua kutoka serikalini, na tangu tarehe ya barua hiyo Rehema angekuwa na miezi miwili tu kupata mwajiri mwingine mwenye leseni. Asipompata, aondoke nchini.

"Shemeji, mimi nilikuja kuosha wazee," aliniambia, ameketi jikoni na sare yake ya kazi aliyoifua bila kuwa na pa kuivaa. "Naona nitazeeka mwenyewe nikingoja hiyo barua. Na hawa ma-agency kila nikiwapigia ni 'we will get back to you'. Back wapi? Hawajawahi kuja hata front."

Nilimweleza Mheshimiwa alipokuja kuchukua koti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anakaa wapi?"

"Kwangu. Wembley."

Uso wake ulibadilika, ukawa kama mlango uliorudishwa taratibu. "Basi ana mbunge wake. Mimi siwezi kumgusa."

Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza: mbunge hashughulikii shauri la mkazi wa jimbo la mwenzake. Haimo katika sheria, ni desturi, na kwa maoni yake desturi ndiyo inayoshika kuliko sheria kwa sababu haina mahakama. Kisha akanifundisha namna ya kumwandikia mbunge wetu: kipi kitangulie, kipi kiachwe, jibu likichelewa tufanye nini. Alinifundisha kwa muda wote niliopiga pasi mashati mawili. Mimi nilijibu "ndiyo" na "sawa", lakini moyoni niliumia.

Nyumbani mke wangu hakuumia kimoyomoyo. "Huyo ndiye Mheshimiwa wako? Unamshonea sketi miaka yote hii!"

"Ananilipa."

"Kulipa ni kulipa. Utu je? Mbunge ana mipaka kama shamba la mtama! Ng'ombe wako akivuka, si wangu!"

Rehema ndiye aliyemtetea. "Dada, afadhali huyo aliyesema hawezi. Kampuni yangu ilisema inaweza."

Tuliandika kama tulivyofundishwa. Ofisi ya mbunge wetu ilitujibu kwa upole na ikaandika serikalini. Jibu la serikali lilikuwa kwamba suala hilo linafahamika.

Kumbe Mheshimiwa alikwenda kutafuta mahali alipokuwa na haki ya kugusa. Aliporudi jimboni mwake aliuliza hospitalini, makanisani na kwenye maduka ya vijijini. Alikuta wanawake walioletwa na kampuni nyingine za namna ileile, na wazee waliobaki vitandani asubuhi kwa sababu aliyekuwa akiwainua hakuruhusiwa tena kuwainua. Aliingia dukani akiwa bado na begi la safari.

"Fundi, nimempata Rehema wangu," alisema. "Anatoka nchi nyingine, lakini ni yuleyule."

Tangu hapo nilifuatilia michango yake ya mwaka ule neno kwa neno. Kwanza lilikuwa swali moja kwa waziri, sentensi moja, na jibu likawa kwamba serikali inalichukulia kwa uzito. Kisha ulikuja mjadala wa bajeti. Alisimama mchana kutwa hakuitwa. Kisha mjadala wa hospitali za Uskoti, ambapo alipewa dakika tatu. Mbili alizitumia kwa hospitali, ya tatu akaipeleka kwa watunza wazee. Waziri hakuligusa hilo katika jibu lake. Baadaye kidogo nilisoma mjadala wa uvuvi, nikijua samaki hawahusiani na Rehema. Nilikosea. Alianza na nyavu, akaenda kwenye bandari, na kabla ya kumaliza alikuwa ameshafika kwa wazee wasio na wa kuwainua. Spika akamkumbusha arudi kwenye samaki.

"Mheshimiwa Spika," alijibu, "wavuvi wa jimbo langu wana mama zao."

Taarifa inaonyesha kwamba ukumbi ulicheka. Sentensi yake aliachwa aimalize.

Taarifa rasmi huandika waliosema. Haiandiki waliosimama. Mtu akisoma ya mwaka ule peke yake atadhani Mheshimiwa alikuwa mbunge wa maneno machache, anayejitokeza mara mojamoja. Mimi nilikuwa na bitana. Kwa kila mchango uliochapishwa nilishona sketi ambazo hazikuzaa hata mstari mmoja.

Nilimpa shauri la fundi, avae suruali. Alisema marehemu mumewe alimwambia vivyo hivyo na hakumsikiliza.

Mwezi wa tano ulipangwa mjadala mzima kuhusu watunza wazee kutoka nje. Mheshimiwa na wabunge wa vyama vingine ndio waliouomba. Jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya mwanzo, na hotuba yake alikuwa ameifanyia mazoezi dukani kwangu, akinitazama kana kwamba mimi ndiye Spika. Nilifunga duka siku hiyo. Nilimchukua Rehema tukakae roshani ya wageni, kule juu nyuma ya kioo.

Asubuhi hiyohiyo barua ilifika. Rehema aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akavaa viatu.

Mheshimiwa alikuwa amesema atatoka kutusalimia kwa dakika moja katika ukumbi wa mawe wanakongojea wageni. Alitoka. Alimpa Rehema mkono, akamtazama usoni, na badala ya kuuachia mkono ule akaketi naye kwenye benchi. "Imekuja?" aliuliza. Rehema akaitoa barua. Kisha akaanza kueleza. Yalitoka yote kwa pamoja: nyumba alizozungukia kutafuta kazi, bibi wa Brent Cross aliyempigia simu akilia, binti yake anayeuliza kila Jumapili kama barua njema imefika. Kiingereza kilipomwishia alihamia Kiswahili, nami nikawa natafsiri.

Mle kwenye ukumbi wa mawe kuna runinga ndogo zinazoonyesha nani anazungumza ndani kwa wakati huo. Shughuli iliyotangulia ilikuwa imemalizika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Niliona skrini ikibadilika na mada ya mjadala wetu ikatokea, pamoja na jina la mbunge aliyeufungua. Mheshimiwa naye aliona. Nilijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: asiyekuwepo kwa hotuba za ufunguzi hatarajii kuitwa. Nilimtazama, nikafungua mdomo nimkumbushe. Aliinua kidole kimoja, kunizuia, bila kugeuza kichwa. Rehema alikuwa katikati ya sentensi.

Alipomaliza, Mheshimiwa aliinuka, akajinyoosha sketi, akaingia ndani kwa haraka.

Tulipofika roshani msemaji wa pili alikuwa anamalizia. Chini kule nilimwona Mheshimiwa akienda hadi kwenye kiti cha Spika, akainama, akasema maneno machache. Spika akatikisa kichwa kwa upole. Mheshimiwa akarudi kwenye benchi lake la nyuma. Msemaji akakaa, na Mheshimiwa akanyanyuka pamoja na wengine. Aliitwa mwingine. Akakaa.

"Mbona hawamwiti?" Rehema alininong'oneza baada ya muda.

"Hawatamwita. Alichelewa mwanzo."

"Yeye anajua?"

"Anajua."

"Sasa anasimama kwa nini?"

Mlinzi wa roshani alitutazama, tukanyamaza. Mheshimiwa alisimama na kukaa, alisimama na kukaa. Mabenchi yalipungua watu kisha yakajaa tena. Waliosema walisema vizuri, wengine kwa kusoma, wengine kwa hasira, na kila mmoja alipokaa mwanamke yule wa kaskazini alinyanyuka kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Rehema aliacha kuwatazama wasemaji, akawa anamtazama yeye tu.

Mwishoni waziri alisimama kujibu. Hapo kuna desturi nyingine: mbunge anaweza kumwomba anayezungumza ampishe kidogo aulize jambo, na mwenye nafasi ana hiari ya kukubali au kukataa. Mheshimiwa alinyanyuka. "Je, waziri atanipisha?" Waziri alisema muda ni mdogo, akaendelea. Alinyanyuka tena. Waziri akasema angependa kwanza afike mbali zaidi. Alinyanyuka mara ya tatu, na sasa minong'ono ilizuka, hata kutoka mabenchi ya chama cha waziri mwenyewe: "Mpishe! Mpishe!" Walikuwa wamemwona akisimama tangu mchana. Waziri akakaa.

"Namshukuru waziri," alisema. "Mfanyakazi aliyeletwa hapa na kampuni ambayo serikali yenyewe iliipa leseni, kisha serikali yenyewe ikainyang'anya: kosa la mfanyakazi huyo ni lipi?"

Akakaa. Waziri alitazama karatasi zake, na nadhani hakukuwa na karatasi ya swali hilo. "Hana kosa," alisema. "Mfanyakazi hana kosa." Kisha akaendelea na mengine.

Rehema alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yangu ikaniuma. Tulipotoka nje, kwenye upepo wa daraja, alisema, "Shemeji, umesikia? Hata wakinirudisha Dodoma, narudi sina kosa. Imeandikwa."

Jumatatu iliyofuata nilimwomba Mheshimiwa radhi kwa kumpotezea hotuba. Alikasirika kidogo. "Hukunipotezea kitu. Niliona skrini. Kanuni ni kanuni, na ningekuwa mimi Spika nisingejiita." Nikamwuliza lile la Rehema, kwa nini aliendelea kusimama. "Kwa sababu waziri alikuwa ananiona," alisema. "Kila niliponyanyuka alijua mwishoni nitamfuata. Mtu akikungoja saa nyingi hivyo, huji kumjibu vile ulivyopanga."

Maneno yale mawili, "hana kosa", aliyatumia kama mtu aliyepata mpini wa jembe lake. Katika kila mchango baada ya hapo alianza nayo: waziri alikiri hapa kwamba hawana kosa, basi kwa nini wao ndio wanaofungiwa mlango? Aliuliza hivyo katika maswali ya Uskoti, na katika mjadala wa afya. Mwezi wa sita alipata mjadala wake mwenyewe wa nusu saa, ule wa mwisho wa siku, Alhamisi jioni wakati wabunge wengi wako njiani kuelekea majimboni. Ukumbini alibaki yeye, waziri, Spika na watu wachache. Roshani tulikuwa mimi na Rehema. Alizungumza robo saa bila kukatizwa. Waziri akaahidi kuangalia upya muda wa miezi miwili. Kuangalia upya si kubadili, na Mheshimiwa alilisema hilo pale pale.

Rehema hakukaa kungoja. Aliomba kazi kila mahali palipokuwa na wazee: Kent, Wales, Leeds. Wiki zilikwisha moja baada ya nyingine, na mke wangu alianza kununua vitu vya kupeleka nyumbani, bila kusema ni vya nini. Kisha nyumba moja ya wazee huko Uskoti ikamhoji kwa simu ya video, ikamkubali, na kibali chake kikaja zikiwa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole.

Nilidhani Mheshimiwa ana mkono wake katika jambo hilo. Nilimtajia mji wenyewe, akacheka mpaka akashika meza. "Hilo ni jimbo la jirani yangu, yule punda! Mwambie Rehema asijali, ni mzuri sana kwa kujibu barua."

Tulimsindikiza Rehema hadi stesheni ya King's Cross Alhamisi moja ya mwezi wa saba. Mke wangu alibeba chapati na kuku wa kukaanga wa kutosha kufika Uskoti na kurudi. Mheshimiwa alitukuta hapo, begi begani, maana kila Alhamisi huchukua treni hiyohiyo. Yeye na mke wangu walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Wewe ndiye yule wa mipaka," mke wangu alimwambia.

"Ndiye mimi."

"Umekonda kuliko nilivyofikiri. Shika hii chapati."

Aliishika, akaila amesimama. Nami, kwa kutaka kusema neno linalofaa siku ile, nilisema, "Basi, Mheshimiwa, shauri letu limekwisha salama."

Aliacha kutafuna. "Nani amekwambia? Shemeji yako amepata kazi. Sheria iko vilevile. Usichanganye mambo, fundi."

"Na wenzangu?" Rehema aliuliza. Alikuwa ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili. "Tulikuwa wengi kwenye ile kampuni. Mmoja analala kwenye sofa ya mtu Peckham, barua yake imefika juzi. Mwingine ameshaondoka."

"Jumatatu nina swali kwa waziri," alisema Mheshimiwa. "Sentensi moja tu, na bado sijaipata. Safari ni ndefu. Kaa na mimi."

Tuliwapandishia masanduku. Walikaa wakitazamana, meza katikati, chakula cha mke wangu juu yake. Nilisimama karibu na mlango wa behewa mpaka mfanyakazi wa kituo aliponiambia nirudi nyuma, kwa hiyo nilisikia mwanzo wake.

"Majina usinitajie," Mheshimiwa alikuwa anamwambia. "Niambie yaliyowapata. Anza na wa Peckham."

Rehema alivua koti, akalikunja, akaliweka kando. Kisha akaanza.